Teke la Shaweji

Siku hizi filamu ya kung fu haina nyota wake. Kwa kila mtazamaji, shujaa huvaa sura ya mtu ambaye yeye anampenda kuliko wote, ndiyo maana inauzwa dunia nzima na kila taifa linalia. Hata msimulizi wa banda la video la Msamvu hataji jina tena. Hupaza sauti tu: "Mtu wako huyo! Anawavaa kumi na wawili!"

Miaka mitatu tangu amzike mwanawe Shaweji, Mama Shaweji hakukosa alasiri hata moja bandani. Alimwona akiruka kuta, akipigwa, akiinuka. Akirudi nyumbani humsimulia bintiye, Mwantumu, jinsi kaka yake alivyopigana, nao hula wakicheka.

Leo msimulizi alipopaza sauti, "Mtu wako huyo!" aliyeruka ukuta alikuwa na nywele za kusuka. Alikuwa Mwantumu.

"Mtoe huyo!" Mama Shaweji alisimama akapiga kelele. "Nirudishie mwanangu!"

"Mimi sichagui, mama," msimulizi alisema kwa upole. "Inafuata moyo wako."

Akakaa onyesho la pili, na la tatu. Alikuwa Mwantumu yuleyule.

Nyumbani, Mwantumu alipakua wali, akajisogeza karibu. "Haya, mama. Kaka leo kapigaje?"

"Kawamaliza wote."

"Kwa teke lake lile la kushoto?"

Tonge likamganda mkononi. Kushoto, au kulia? Alifumba macho amtazame mwanawe, akamwona Mwantumu.