Kiti cha Mstari wa Mbele

Balozi Mwinjuma alilisoma tamko lililotoka serikalini nyumbani, akalisoma tena akiwa wima. Lilisema gazeti la Mwangwi limefungwa na wenye gazeti, kwa hiari yao. Gazeti hilo alilianzisha yeye mwenyewe, akalichapisha miaka na miaka kabla ya kuvishwa suti ya ubalozi. Mkono ukapanda sikioni kuitafuta kalamu nyekundu, kama zamani akipitia kurasa kabla mtambo haujawashwa. Ilikuwepo. Akayakata maneno "kwa hiari yao".

"Mheshimiwa, hiyo si rasimu," alisema Bi Tasiana, katibu wake. "Nyumbani wanataka tamko lisomwe lilivyo."

"Najua."

"Waandishi wamejaa ukumbini. Wanakungoja wewe tu."

Akaizunguka meza. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua, akatoka.

Ukumbini, mbele, palikuwa na meza yenye bendera na kipaza sauti. Mstari wa kwanza wa waandishi ulikuwa na kiti kimoja kitupu, na miguu ikampeleka hapo. Akaketi katikati yao, akaiweka karatasi juu ya goti, akashika kalamu, akangoja pamoja nao balozi aje ajibu.