Ladu la Shangazi Kokila

Ladu, lile donge tamu la samli na sukari, lilikuwa limeshagusa midomo yangu. Shangazi Kokila alilishika vidoleni, samli ikimchuruzika hadi kwenye bangili, na ukumbi mzima wa sherehe ya uchumba ukitutazama. Kwetu Surat, ukilishwa kwa mkono hukatai.

"Fungua mdomo, mwanangu! Au leo umesahau kula?"

Wakacheka. Wananijua.

"Nimeacha sukari, Shangazi."

"Wamekuloga hao wa kikao cha Jumamosi! Watu wazima mnakaa duara kuliliana eti chakula kimewashinda!"

Ningeonja moja tu, ningemaliza sinia zima nimejifungia chooni. Nikamwomba Mungu anishike, kama tunavyoomba kikaoni. Kisha nikalitwaa ladu mkononi mwake, nikainama kwa heshima, nikamlisha yeye.

Naye hakuweza kukataa. Wanawake wakapiga makofi. Nikajifuta samli kwa leso, kichwa juu. Sikulamba hata kidole.

Shangazi akameza, akanikumbatia kwa nguvu. Ndipo nilipoyahisi maladu mengine, yamefungwa kwenye pindo la sari yake.

"Hicho kikao chenu," akaninong'oneza sikioni, "kinaanza saa ngapi?"