Maji Yalipofikia

Asubuhi ile ukumbi ulijaa mwanga mweupe, na ramani ya mpango wa maendeleo ilikuwa imetandazwa mezani kama shuka. Mashavu, aliyeichora kwa miezi saba, alikuwa akisubiri tu mkuu wake, Bwana Kitwana, atie sahihi.

Ndipo mwanamke mmoja, aliyekuja na wananchi wengine kutoa maoni, alipoweka kidole kwenye ramani, juu ya hospitali mpya ya wazazi.

"Hapa palikuwa kwangu," alisema taratibu. "Mto ulipofurika, ulikaa ndani siku tatu."

"Mama, mto uko mbali," alisema Bwana Kitwana. "Na mpango umeshapita ngazi zote."

Mashavu akainamia ramani. Miezi yote saba hakuwahi kuuliza maji yalipita wapi. Akachukua penseli ya buluu.

"Nionyeshe, mama."

Kidole kikatambaa na penseli ikakifuata, juu ya hospitali, katikati ya soko, hadi kwenye shule mbili zilizokuwa bado hazijajengwa.

"Unaharibu mpango!" alimaka mkuu wake.

"Naongeza tulichosahau, bosi." Kisha akamgeukia mwanamke. "Yalipanda kiasi gani?"

Mwanamke akasimama ukutani, akajinyoosha, akainua mkono juu kuliko kichwa cha mtu yeyote mle ndani. Watu wakautazama ule mkono kana kwamba wako chini ya maji, na Bwana Kitwana, bila kujijua, akaanza kuzikusanya karatasi zake na kuzinyanyua juu.