Ziwa Chini ya Barafu

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa sufuria uligongagonga jikoni. Bibi alitabasamu kitandani. Mjukuu wake Paskazia, mpima barafu wa ncha ya kusini ya dunia, alikuwa anamchemshia maji ya kuoga.

Mara akasikia yowe. "Bibi! Tumelipata!"

Paskazia aliingia mbio na simu. Kwenye picha ya rada, chini kabisa ya barafu nene, ulionekana mstari mweupe ulionyooka.

"Mwamba haunyooki hivi, bibi. Kinacholala sawasawa hivi ni maji. Ni ziwa!"

Bibi aliupitisha ukucha wake juu ya mstari ule, polepole, kutoka ukingo hadi ukingo.

"Lina sangara?"

"Hatujui! Hakuna aliyewahi kulifikia." Kisha sauti ikashuka. "Wenzangu wananiita. Ndege ni leo, tukatoboe barafu. Lakini nilikuahidi Krismasi. Niwaambie hapana?"

Kabla ya safari hii, Paskazia alikuwa hajafika nyumbani kwa bibi, Kirumba kando ya ziwa, kwa miaka minne. Bibi alishuka kitandani, akalivuta begi, akaanza kukunja nguo za mjukuu wake.

"Nenda ukalione," alisema. "Ila uje tena, mama. Uje uniambie maji yake yana ladha gani."