Sura ya Ukubwa wa Kucha

"Mlima naujua," alisema Mama Bethwel, akiishika simu mbali na uso kama anayekagua yai viza. "Huo ni wetu. Lakini huyo msichana, hapana. Simjui."

Chepkosgei akashukuru, akairudisha simu mkobani. Ilimbidi arudi Kitale akachore upya.

Alikuwa mchoraji wa gemu ya kusoma, ile ya hadithi na picha, ambapo msomaji anamchagulia msichana maneno ya kusema na njia ya kushika. Hadithi ilikuwa ya Hamid, mwenzake wa kazi. Kazi walikuwa wameshaimaliza, ikabaki kijipicha tu, kile kinachokaa kwenye duka la mtandaoni katikati ya vingine tele. Mtu hukipita kwa kidole gumba. Kisipomshika hapo hapo, jasho lote limekwenda na maji.

Kwa hivyo Chepkosgei alikuwa na kipimo chake. Anakipunguza kijipicha mpaka kiwe ukubwa wa kucha, anamwonyesha mtu, anauliza: huyu ni nani?

Saluni ya Zulekha, chini ya chumba chao cha kazi, ilijibu bila kusumbuka. Pale huwa kumejaa, anayesukwa na asiyesukwa, na umbea unachemka kuliko maji ya kuoshea nywele. Zulekha aliitazama picha, akamtazama Chepkosgei, akaangua kicheko.

"Hata ukiiweka kwa stempu, bana. Hilo pengo la meno si tunalijua."

Wote wakaafiki. Hamid akasema basi, iende dukani. Chepkosgei akakataa. Mpaka Mama Bethwel wa Cheptais amtambue huyo msichana, picha haiendi popote.

Saluni ililigeuza jambo hilo huku na huku. Ati kwa nini mama mzee, ambaye hata gemu hachezi? Lakini yeyote aliyewahi kununua vitunguu soko la Chwele alielewa. Mama Bethwel aliuza pale tangu akiwa msichana, na hakuwahi kusahau sura. Mteja angepotea miaka, arudi amenenepa na ndevu amenyoa, na bado angeitwa kwa jina kabla hajafika mezani. Watu walikuwa na msemo: huyo mama akikosa kukujua, basi hujazaliwa.

Safari ya pili Chepkosgei aliuondoa mlima. Kwenye picha ndogo vitu vingi hugombana. Akambakisha msichana na leso ya manjano begani.

Alimkuta Mama Bethwel akichambua maharagwe, akitoa hata vijiwe vidogo kama punje za wimbi. Macho hayakuwa na shida. Alimkaribisha vizuri, akamuuliza kama ametoka mbali, akaagiza chai. Kisha akaikazia macho ile simu.

"Leso ni yangu. Nilimpa binti yangu akienda Kitale." Uso ukamkunjamana. "Hajarudi. Sasa huyu ameitoa wapi? Hebu muulize."

Jerop, mke wa Bethwel, aliinuka ghafla akaenda jikoni kuangalia chai, na chai ilikuwa tayari mezani. Bethwel alimsindikiza Chepkosgei hadi langoni, akamwambia aache kujitesa, picha ni picha tu. Chepkosgei akajibu kwamba bado leso inaonekana kuliko uso. Ataiondoa.

Hamid naye alikuwa amechoka. Alimwambia wazi kwamba siku ya kuzindua gemu ilikuwa imefika, na kama hataki, ataiweka mwenyewe ile picha ya kwanza yenye mlima. Alipoona machozi yanadondokea meza ya kompyuta, akashuka, akarudi na mandazi. Hakuuliza tena.

Picha ya tatu ilikuwa uso mtupu. Mlima hakuna, leso hakuna, hata jina la gemu lilisukumwa pembeni. Alitia giza nyuma ya kichwa na mwanga shavuni, akayakuza macho, akauacha mdomo wazi kidogo ili pengo lionekane.

Siku hiyo nyumba ya Cheptais ilikuwa imejaa. Majirani walikuwa wametoka kanisani wakapitia kumjulia hali mama, na ugali haukuwa umetosha, na kila mtu alikuwa na habari ya mwenzake. Bethwel alipoona simu inatolewa mkobani, akawaomba watu wapunguze kelele. Jerop alisimama mlangoni na mwiko mkononi.

Mama Bethwel akaipokea simu. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali, akaisogeza tena. Kidole chake kikapita taratibu juu ya lile pengo.

"Huyu," alisema, "huyu namjua."

Chepkosgei akapiga magoti mbele ya kiti chake, uso kwa uso, karibu kabisa. Akajaribu kutabasamu.

"Ni nani, Mama?"

Mama Bethwel akamshika mkono kwa mikono miwili, kwa ile heshima anayopewa mgeni aliyetoka mbali.

"Ni Chepkosgei, binti yangu," alisema. "Ukirudi Kitale, tafadhali, ukimwona, mwambie mamake bado anamngoja."