Mrehani wa Nungunungu

Nungunungu hakuwahi kualikwa harusini, kwa sababu miiba yake ilimchoma kila aliyekaa karibu. Basi Kwale alipotangaza kwamba atakayemjazia kikapu majani ya mrehani ataketi naye siku ya harusi yake, Nungunungu alipanda mche siku hiyohiyo. Kila asubuhi aliupima kwa mwiba, wala hakuruhusu jani liguswe.

Jirani yake Digidigi alipanda wake pia, lakini kila mara aliukata kilele kwa meno.

"Shoga, huo wako utasimama lini?" Nungunungu alimcheka. "Wangu umefika miiba mitatu!"

"Hongera, bibie," Digidigi alijibu huku akitafuna.

Kwale akaja na kikapu. Mrehani wa Nungunungu ulikuwa fimbo yenye maua. Majani yake hayakufunika hata kitako cha kikapu. Wa Digidigi ulichipua matawi mawili kila ulipokatwa, ukawa kichaka, ukakijaza kikapu hadi kikafurika.

"Wewe uliupima kwa kitu gani?" Nungunungu aliuliza.

"Kwa meno, shoga."

Nungunungu hakulia. Kwale alikuwa na mdogo wake aliyekwisha kuposwa, naye pia angehitaji kikapu cha mrehani. Nungunungu alipanda mche mwingine, akausubiri ufike mwiba mmoja, kisha akaukata kilele.