Mbegu ya Hamira

Tangi la tatu nalo lilikuwa limeoza. Mpishi, kama walivyomwita kwa utani kwa kuwa kazi yake ni kupika dizeli, alijua kwa harufu kabla hajafunua kifuniko. Ute wa kijivu ulikuwa umetanda pale ambapo juzi palikuwa na hamira ya rangi ya waridi, ile inayokula sukari ya magunzi na mabua ya mahindi na kunenepa kwa mafuta ya kutengenezea dizeli.

"Na mbegu ya akiba?" meneja aliuliza. "Akiba haiozi, si ndivyo mlivyoniambia?"

"Nayo imeoza, bosi. Tuliichota kwenye matangi haya haya."

Meneja alivua miwani. "Miaka sita tumeilea, na haipo kwingine kokote. Nipate mbegu safi leo, au kesho nafunga geti."

Nyuma ya kioo wafanyakazi arobaini walikuwa wanamtazama Mpishi. Alinawa tena mpaka viwikoni, kama ilivyobandikwa mlangoni, akaingia. Adui wa hamira ni uchafu wa binadamu, ndivyo walivyofundishwa. Wakati wa kutoka, kila mtu alijitokea tu bila kunawa.

Alikwangua mabomba, akapekua mifereji, akapima kila tone. Yote kijivu.

Saa sita ilipita. Kwa kawaida saa hiyo alivuka barabara mbio hadi hospitali, koti la kazi mwilini, kumbadilishia mumewe bandeji ya mrija wa kifuani. Dawa za saratani zilikuwa zimemmaliza nguvu, hata mafua asingeyaweza. Lakini wauguzi aliwakataa. "Hawa wana mikono ya seremala," alisema, kisha akamtania mkewe: "Wewe umeolewa na matangi. Mimi mume wa pili tu, nashukuru kwa zamu yangu."

Tangu Jumatatu homa ilikuwa haimshuki. Leo Mpishi hakwenda, na roho ilimuuma kila alipotazama saa.

Simu ikalia. Alikuwa daktari.

"Dada, keti kwanza."

"Niambie tu."

"Mumeo ametutoka. Saa saba kasorobo. Pole sana."

Alikaa kwenye sakafu yenye maji, akauma mkono wa koti ili asipige kelele. Alimpenda yule mtu kuliko alivyowahi kumwambia, na alikuwa amekufa peke yake.

"Sababu tumeijua tukiwa tumechelewa," daktari aliendelea. "Ni mdudu aliyeingilia kwenye mrija. Tuliotesha damu yake kwenye sahani ya maabara, pakaota kitu ambacho hatujawahi kukiona hapa. Kimejaa sahani nzima. Kina rangi ya waridi."

Mpishi aliitazama mikono yake. Ndiyo aliyombadilishia bandeji kila siku, akitoka moja kwa moja kwenye matangi.

"Dada, upo?"

"Nipo," alisema. "Daktari, hiyo sahani msiitupe. Naifuata sasa hivi."